Msiuite uchungu wa watu jazba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nijibu makala iliyochapishwa juma lililopita katika safu ya maoni, ambamo mwandishi, baada ya kueleza misukosuko ya siasa za Marekani ya miaka hii, alihitimisha kwamba demokrasia ya taifa lile inaugua kwa sababu wananchi wake wameacha hisia zikalie kiti cha akili. Ushauri wake ulikuwa kwamba wanaolalamika kuonewa waweke jazba pembeni na waachie mahakama na masanduku ya kura kazi ya kuleta haki, kisha akafunga kwa methali ambayo sote tulifundishwa tukiwa wadogo, kwamba hasira hasara. Kama mfano wa raia mtulivu alimtaja Rosa Parks, ambaye kwa maelezo yake alikuwa fundi cherehani aliyetoka kazini amechoka na akataka tu kupumzisha miguu.

Nilifundisha Historia na Uraia katika shule za sekondari hadi nilipostaafu, na habari za Wamarekani Weusi na mapambano yao nilizisoma na kuzifundisha kwa moyo wote. Ndiyo maana makala ile imenisumbua. Naheshimu nia ya mwandishi, maana hakuna mtu mwenye akili timamu anayependa kuona miji ikiungua, lakini historia aliyoitumia kama ushahidi inamkana karibu kila mahali anapoigusa.

Kwanza niseme neno juu ya maneno yenyewe. Jazba, kama tunavyolitumia neno hili kila siku, ni ule mpando wa ghafla unaomfanya mtu aseme asichokipima na afanye atakachojutia kesho yake. Lakini Kiswahili kina neno lingine, uchungu, nalo limebeba mengi: mama anayekaribia kujifungua hushikwa na uchungu, uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na tunapotaka kumsifu mtumishi wa umma asiyekubali mali ya wananchi iliwe tunasema ana uchungu na nchi yake. Hatusemi ana jazba na nchi yake. Mwandishi alichanganya vitu hivi viwili, na kwa kuvichanganya akawavua watu waliofanya kazi kubwa kabisa ya kisiasa katika karne iliyopita kile kilichowawezesha kuifanya.

Nianze na huyo Rosa Parks. Tarehe 1 Desemba 1955, alipokataa kumpisha abiria Mzungu katika basi la Montgomery, jimbo la Alabama, alikuwa na umri wa miaka 42, na kwa zaidi ya miaka kumi alikuwa mwanaharakati wa NAACP, chama cha kutetea haki za watu Weusi, ambako alitumikia kama katibu wa tawi la mji wake. Mwaka 1944 alikwenda katika mji mdogo wa Abbeville kuchunguza kisa cha Recy Taylor, mama kijana Mweusi aliyebakwa na kundi la wanaume Wazungu akitoka kanisani, na akashuhudia jinsi watu hao wasivyofikishwa hata kizimbani. Siku nne kabla ya kukamatwa kwake, alikuwa ameketi katika kanisa la Dexter Avenue akimsikiliza daktari mmoja kutoka Mississippi, T.R.M. Howard, akisimulia jinsi wauaji wa kijana Emmett Till walivyoachiwa huru. Mwenyewe alikuja kueleza baadaye kwamba uchovu aliokuwa nao siku ile haukuwa wa mwili, bali alikuwa amechoka kukubali kuonewa. Mtu wa namna hii hakukaa kwenye kiti kile kwa sababu ya miguu. Alikaa akiwa amebeba kumbukumbu za miaka mingi, na utulivu wa uso wake ulikuwa kifuniko cha chungu kinachochemka.

Emmett Till alikuwa mtoto wa miaka 14 kutoka Chicago, aliyekwenda Mississippi likizoni kuwatembelea ndugu wa mama yake. Alituhumiwa kumkosea adabu mwanamke Mzungu dukani. Usiku wa tarehe 28 Agosti 1955 wanaume Wazungu walikuja wakamchukua katika nyumba ya mjomba wa mama yake, Mose Wright, wakamtesa, wakampiga risasi, na mwili wake wakautupa mtoni ukiwa umefungwa kwa seng'enge kwenye feni nzito ya mashine ya kuchambua pamba. Mamlaka za kule zilitaka azikwe haraka hukohuko. Mama yake, Mamie, alikataa. Sanduku lilipofika Chicago kwa treni lilikuwa limefungwa kwa sharti kwamba lisifunguliwe, na mwenye nyumba ya kuhifadhi maiti alimweleza hivyo. Mama akajibu kwamba likiwa halifunguliwi na wao, atatafuta nyundo alifungue mwenyewe.

Likafunguliwa. Naomba wasomaji wakae kidogo na mama huyu, kwa sababu makala ile haikukaa naye hata kwa mstari mmoja. Aliutazama mwili wa mwanawe wa pekee kuanzia miguuni akipanda juu taratibu, akiitambua miguu, magoti, kisha akafika kwenye uso ambao haukuwa tena uso, akatafuta jicho, meno, sikio, mpaka akaridhika kwamba huyu ni wake. Kisha akaamua kwamba jeneza litakaa wazi kanisani ili dunia ione alichokiona yeye. Makumi ya maelfu ya watu walipita mbele ya jeneza lile, wengine wakazimia, na picha iliyochapishwa katika jarida la Jet ikafika katika nyumba za Weusi nchi nzima. Sijui kama kuna tendo la kisiasa katika historia ya Marekani lililofanywa kwa uchungu mkubwa kuliko huo na wakati huohuo kwa akili iliyotulia kiasi hicho. Wale wanaoamini kwamba hisia na fikra ni mafahali wawili wasiokaa zizi moja, nawasihi wamtazame Mamie akiwa amesimama pale.

Na mahakama? Mwandishi anasema mwonewa aende mahakamani. Mamie alikwenda, akashuka hadi Sumner, Mississippi, akatoa ushahidi kwa sauti ya utaratibu mbele ya watu waliomdharau. Mzee Mose Wright alisimama akanyoosha kidole kuwaonyesha watu waliomchukua mtoto yule nyumbani kwake, jambo ambalo kwa mtu Mweusi wa mahali pale na wakati ule lilikuwa kama kujiandikia hati ya kifo. Jopo la waamuzi 12, wote wanaume Wazungu, lilikaa kwa muda uliozidi saa moja kidogo tu, likarudi na uamuzi kwamba washtakiwa hawana hatia. Miezi michache baadaye, wakijua sheria haiwezi tena kuwashtaki kwa kosa lilelile, wauaji wakasimulia katika jarida kwamba kweli walimuua. Ikumbukwe pia kwamba waamuzi walichaguliwa kutoka miongoni mwa wapiga kura, na Weusi wa wilaya ile walikuwa wamezuiwa kujiandikisha. Kwa hiyo milango yote miwili ambayo mwandishi anamwelekeza mwonewa, wa kura na wa mahakama, ilikuwa imefungwa kwa komeo moja. Mtu aliyefungiwa nje namna hiyo aambiwe nini? Aweke jazba pembeni?

Sasa turudi Montgomery, maana hapo ndipo uchungu ulipogeuka kazi. Usiku uleule Rosa Parks alipokamatwa, Jo Ann Robinson, mwalimu wa Kiingereza katika chuo cha Weusi cha mji ule na kiongozi wa chama cha wanawake, alikwenda chuoni usiku wa manane pamoja na mwalimu mwenzake na wanafunzi wawili, wakadurufu makumi ya maelfu ya vipeperushi vya kuwataka watu wasusie mabasi siku ya Jumatatu. Sisi walimu wa zamani tunaijua mashine ya kudurufu, jinsi unavyokata stensili kwa uangalifu kwa sababu kosa moja linakurudisha mwanzo, jinsi mkono unavyozungusha ile roda mpaka bega linauma, na wino unavyokaa chini ya kucha siku tatu. Robinson mwenyewe aliwahi kufukuzwa kwa matusi na dereva wa basi mwaka 1949, akashuka akilia. Machozi yale ya 1949 ndiyo yaliyokuwa yakizungusha mashine ile usiku wa 1955. Alipomaliza alfajiri alikwenda kufundisha kipindi chake cha asubuhi.

Mgomo uliokusudiwa kuwa wa siku moja ulidumu siku 381. Watu walitembea kwa miguu kwenda kazini na kurudi, kwenye mvua na kwenye baridi. Makanisa yakanunua magari ya kubebea abiria, na vituo vya kupandia vikapangwa kwa ratiba ambayo hata wapinzani wao waliistaajabia. Fedha za mafuta zilitoka wapi? Sehemu yake ilitoka jikoni. Mpishi mmoja, Georgia Gilmore, aliwakusanya wanawake wakawa wanapika nyumbani kuku wa kukaanga, samaki, keki na mikate ya matunda, wakiuza katika saluni na milangoni mwa watu, na walipopeleka fedha mkutanoni wakasema zimetoka Klabu ya Kutoka Popote, ili asijulikane nani alichangia akafukuzwa kazi. Gilmore mwenyewe alifukuzwa kazi ya mgahawani baada ya kutoa ushahidi mahakamani kumtetea Martin Luther King, mchungaji aliyeuongoza mgomo ule, akaendelea kupikia jikoni kwake. Huyu mama alikuwa na hasira. Aliieleza mbele ya hakimu jinsi dereva alivyopokea nauli yake kisha akaondoa basi kabla hajapanda. Kama hasira ni hasara, basi ni hasara ambayo kampuni ya mabasi ndiyo iliyoilipa.

Kuna usiku mmoja ambao nilikuwa nikiusimulia darasani kila mwaka. Tarehe 30 Januari 1956 bomu lilirushwa kwenye kibaraza cha nyumba ya King wakati mkewe Coretta na mtoto wao mchanga wakiwa ndani. Waliponea. Watu walikusanyika mbele ya nyumba, baadhi wakiwa na bunduki na visu, na polisi waliokuwapo wakaanza kuogopa. King, aliyekuwa na umri wa miaka 27 tu, akasimama kwenye kibaraza kilekile kilichovunjika akawaomba warudi nyumbani na silaha zao. Hakuwaambia kwamba hawana sababu ya kukasirika. Aliwaambia, kwa muhtasari, kwamba hata yeye akizuiwa kazi hii haitazuiwa. Watu wakatawanyika, na asubuhi wakaamka wakatembea kwa miguu kwenda kazini kama jana yake. Hapo mwandishi angepata alichokuwa anakitafuta, yaani hisia kali zilizoshikwa na nidhamu, lakini angelazimika kukiri kwamba nidhamu ile ilikuwa na kitu cha kushika.

Na hata ushindi wa mahakamani uliokuja Novemba 1956, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipothibitisha kwamba ubaguzi katika mabasi ya Alabama ni kinyume cha katiba, ulitokana na kesi iliyobebwa na wanawake wanne waliodhalilishwa katika mabasi hayo, mmojawao Claudette Colvin, aliyekamatwa akiwa na miaka 15, miezi tisa kabla ya Rosa Parks. Mahakama haikuamka yenyewe. Tena, amri ya mahakama pekee ilikuwa na udhaifu ambao kila mtu aliuona: uamuzi wa 1954 wa kukomesha ubaguzi mashuleni ulipotimiza miaka kumi, katika majimbo ya Kusini bado watoto Weusi waliosoma pamoja na Wazungu hawakufika watatu katika kila mia.

Nimesikia jibu kwamba subira huvuta heri. Ni kweli, na waliotembea siku 381 walikuwa na subira kuliko wengi wetu. Lakini kuna watu wanaotumia neno subira wakimaanisha ukae kimya. Mwaka 1963 viongozi wanane wa dini, Wazungu na watu wenye sifa njema, waliandika gazetini kwamba maandamano ya kupinga ubaguzi katika mji wa Birmingham, Alabama, hayakuwa ya busara na hayakuja wakati wake, na King akiwa mahabusu akawajibu kwamba neno «ngojeni», kwa uzoefu wa watu wake, karibu siku zote limekuwa na maana ya «kamwe». Alieleza jinsi ilivyo vigumu kumwambia binti wa miaka sita kwa nini haruhusiwi kwenda katika bustani ya michezo aliyoiona kwenye televisheni. Ni hoja ya kisheria ndefu na ya kifalsafa, lakini katikati yake kuna baba anayetazama machozi ya mwanawe. Ukiondoa baba, hoja inabaki karatasi.

Sisi wa Same tuna sababu ya pekee ya kuyafuatilia mambo haya. Kuanzia mwaka 1969 hadi 1976 aliishi Tanzania Mmarekani mmoja aliyeajiriwa na wizara yetu ya elimu, na akafundisha hisabati katika sekondari hapa Same. Jina lake ni Bob Moses. Mimi nilifika Same kufundisha baada yake kuondoka, na kwa aibu nakiri kwamba kwa miaka mingi sikujua huyo alikuwa nani. Agosti 1961, alipokuwa akiwasindikiza watu wawili kwenda kujiandikisha kupiga kura katika mji wa Liberty, Mississippi, alipigwa kichwani hadi kuchanika, na huku damu ikimtiririka akaendelea na watu wake mpaka mlangoni pa ofisi ya uandikishaji. Mwezi uliofuata mkulima aliyekuwa akimsaidia, Herbert Lee, aliuawa kwa risasi mchana, na aliyemuua alikuwa mbunge wa jimbo, naye hakuadhibiwa. Wote waliomfahamu Moses wanasema alizungumza kwa sauti ya chini kiasi kwamba watu waliinama mbele kumsikia. Nalitaja hili kwa makusudi, kwa sababu mwandishi anaonekana kudhani kwamba mwenye hisia ni yule anayepiga kelele.

Wapo pia waliopaza sauti, na wakati wao ulifika. Kiangazi cha 1964 vijana watatu waliokuwa wakihamasisha uandikishaji wa wapiga kura Mississippi, James Chaney, Andrew Goodman na Michael Schwerner, waliuawa na kufukiwa katika tuta la bwawa, wakapatikana baada ya siku 44. Katika ibada ya kumuaga Chaney huko Meridian, Dave Dennis, aliyekuwa kiongozi wa shirika lao katika jimbo lile, alikuwa ameombwa na wakubwa wake atoe hotuba ya kutuliza watu. Alipoinua macho akamwona mdogo wa marehemu, Ben, mtoto wa miaka 12, akilia. Hotuba ya kutuliza ikamshinda. Akasema amechoshwa na kwenda mazikoni, na akawalaani wale waliomo humo kanisani watakaorudi nyumbani wakaketi bila kufanya lolote. Alilia mpaka hakuweza kumaliza. Mwandishi wetu angeiita hiyo jazba. Mimi, kila nikiisoma, naona mtu aliyekataa kusema uongo mbele ya wafiwa.

Majuma mawili baadaye Fannie Lou Hamer alikaa mbele ya kamati ya mkutano mkuu wa chama cha Democratic huko Atlantic City. Alikuwa kibarua wa mashamba ya pamba, mtoto wa mwisho kati ya watoto 20. Agosti 1962 alipanda basi na wenzake 17 kwenda Indianola kujiandikisha. Wakati wa kurudi polisi walilisimamisha basi na kumtoza dereva faini kwa madai kwamba basi lina rangi ya njano kupita kiasi, na abiria wakachanga faini hiyo. Humo ndani hofu ilipotanda, Hamer akaanza kuimba nyimbo za kanisani, na wengine wakaitikia. Alipofika nyumbani akafukuzwa shambani alikoishi na kufanya kazi kwa miaka 18. Mwaka uliofuata alipigwa vibaya katika mahabusu ya Winona. Yote haya aliyasimulia mbele ya kamera bila karatasi, na Rais Lyndon Johnson alishtuka kiasi cha kuitisha ghafla mkutano na waandishi wa habari ili kamera zihame. Haikumsaidia, kwa sababu usiku vituo vya televisheni vilirudia ushuhuda wa mama yule kwa taifa zima. Rais mwenye majeshi aliogopa kitu gani kwa kibarua wa pamba, kama si uchungu wenye ukweli ndani yake?

Baada ya maandamano ya mji wa Selma, Alabama, ambako tarehe 7 Machi 1965 askari wa jimbo waliwashambulia kwa virungu na mabomu ya machozi waandamanaji wapatao 600 darajani, Sheria ya Haki za Kupiga Kura ilitiwa saini tarehe 6 Agosti mwaka huohuo. Mississippi, ambako mwaka 1964 ni asilimia 6.7 tu ya Weusi wenye sifa walikuwa wameandikishwa, ilifikia karibu asilimia 60 mwaka 1967. Masanduku ya kura anayoyasifu mwandishi yalifunguliwa na watu hao.

Nakubaliana naye katika jambo moja, na ni jambo kubwa. Hisia si takatifu kwa kuwa tu ni hisia. Waliomuua Emmett Till walikuwa na hasira. Septemba 1957, katika mji wa Little Rock, umati uliomzunguka msichana wa miaka 15, Elizabeth Eckford, akienda shule peke yake na madaftari kifuani, ulikuwa umejaa hisia. Waliovamia jengo la Bunge la Marekani tarehe 6 Januari 2021 ili kuzuia kura zisithibitishwe walikuwa na ghadhabu ya kweli, na wengi wao waliamini wameibiwa. Lakini dawa ya tatizo hili haiwezi kuwa kupima joto la watu na kuwahukumu wote wenye homa. Yafaa tuulize hasira hiyo inadai nini. Watu wa Montgomery walidai kiti ambacho mtu yeyote angeweza kukikalia. Umati wa Little Rock ulitaka mtoto mmoja asipite mlangoni, na wa 2021 ulitaka kura za mamilioni zisihesabike. Mtu anayewatia wote hawa katika kapu moja la «jazba» hajawa mwangalifu zaidi kuliko sisi. Amekataa tu kuchunguza.

Jambo linalonihuzunisha juu ya Marekani ya leo ni jingine kabisa. Tarehe 25 Mei 2020 huko Minneapolis, askari alimkalia George Floyd shingoni kwa goti dakika 9 na sekunde 29, na taarifa ya kwanza ya polisi ikasema mtu huyo alipata tatizo la kiafya. Msichana wa miaka 17 aliyekuwa amesimama kando ya barabara alikuwa amerekodi yote kwa simu yake, na bila uthabiti wa mkono wake taarifa ile ingebaki kuwa ukweli rasmi. Mamilioni waliingia barabarani. Askari yule alipatikana na hatia Aprili 2021. Hata hivyo muswada wa kurekebisha polisi uliobeba jina la Floyd ulipita mara mbili katika Baraza la Wawakilishi na mara zote ukakwama Seneti. Kwa maoni yangu, hisia za 2020 hazikuzidi. Zilikosa jiko la Georgia Gilmore. Simu inaweza kuwakusanya watu jioni moja, lakini haiwapi mkutano wa kila Jumatatu kanisani, ratiba ya magari, wala mtu wa kukupigia hodi ukikosekana wiki mbili. Hapo ndipo ningependa mwandishi apeleke kalamu yake, kwa sababu wanaowashauri vijana wale watulie wanawaondolea moto bila kuwapa jiko.

Wala mambo haya hayako mbali nasi kama inavyodhaniwa. John Lewis, kijana kiongozi wa harakati zile, alipohutubia Washington Agosti 1963 alisema kwamba «mtu mmoja, kura moja» ni kilio cha Afrika na ni lazima kiwe chao pia. Desemba ileile, siku chache baada ya Kenya kupata uhuru, Oginga Odinga alitembelea Atlanta. Vijana wa harakati walikwenda hotelini kumsalimu na kuimba naye, na walipotoka wakaingia mgahawa wa jirani kunywa kahawa, wakakataliwa kwa rangi yao, wakakaa chini na kukamatwa. Walichukua kitu kwetu, kama Bob Moses alivyotuletea kitu.

Mamie Till aliendelea na maisha yake. Alisoma, akawa mwalimu wa shule za Chicago hadi alipostaafu mwaka 1983, na akafariki Januari 2003. Muswada wa kwanza wa kuyafanya mauaji ya makundi ya wabaguzi kuwa kosa la shirikisho ulipelekwa Bungeni na George Henry White mwaka 1900. Majaribio mengine kama mia mbili yalifuata, na sheria hiyo ikatiwa saini tarehe 29 Machi 2022, ikiwa na jina la Emmett. Miaka 122 ilipita, na katika yote hiyo hawakukosekana watu waungwana wa kushauri utulivu. Ikiwa mwandishi atapenda kunijibu, nitafurahi kumsoma. Ninachomwomba ni kwamba safari hii aanzie kwenye jeneza lile lililofunguliwa Chicago, kabla hajafika kwenye methali.

Mwalimu mstaafu,
Same, Kilimanjaro